Koloni Lililopiga Utumwa Marufuku: Georgia, 1732 hadi 1755

Kati ya makoloni 13 ya Uingereza yaliyopangana kwenye pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, na ambayo baadaye yaliungana kuwa Marekani, Georgia lilianzishwa la mwisho, na ndilo pekee ambalo waasisi wake waliupiga utumwa marufuku kwa sheria. Marufuku hiyo haikutimiza hata miaka 16. Kwa muda mrefu imesimuliwa kama kisa cha watu wema walioshindwa na walafi, na wasomaji wengi wangali wanaipokea hivyo. Lakini anayeisoma sheria yenyewe pamoja na hoja zilizotolewa kuitetea hakosi kuona kwamba huruma kwa Mwafrika ilikuwa na nafasi ndogo sana ndani yake. Marufuku ilikuwa sehemu ya mpango wa ulinzi wa mpaka, na uhai wake ulitegemea hofu ya adui aliyekuwa ng'ambo ya mpaka huo.

Ardhi iliyo kusini mwa mto Savannah ilidaiwa na Uingereza na Hispania kwa pamoja. Kaskazini ya mto huo, koloni la Carolina Kusini lilikuwa limetajirika kwa mpunga uliolimwa vinamasini na watumwa kutoka Afrika Magharibi na maeneo ya Kongo na Angola, hata ikafika mahali, karibu na mwaka 1708, watu weusi wakawa wengi kuliko Wazungu. Kusini, katika Florida, Wahispania walikuwa na mji wenye ngome wa St. Augustine, na tangu mwaka 1693 mfalme wao, Carlos wa Pili, alikuwa ametoa amri kwamba mtumwa wa Waingereza atakayetoroka akafika huko na kuupokea Ukatoliki ataachwa huru. Amri hiyo iliigusa Carolina mahali palipouma. Mwaka 1715 Wayamasee, wenyeji wa eneo hilo waliochoshwa na ulaghai wa wafanyabiashara wa ngozi na utekaji wa watu wao, walishirikiana na mataifa jirani wakalishambulia koloni hilo, nusura waliangamize. Kuanzia hapo watawala wa Carolina na wa London walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba kusini mwa mto Savannah palihitajika ukanda wa wakulima Wazungu wenye bunduki.

Haja hiyo ya kijeshi ilikutana na fikra nyingine iliyozaliwa katika magereza ya London. James Edward Oglethorpe, mbunge aliyewahi kuwa askari, alimpoteza rafiki yake Robert Castell, msanifu wa majengo aliyefungwa kwa sababu ya deni katika gereza la Fleet akafa kwa ndui mwaka 1728, na mwaka uliofuata akaiongoza kamati ya Bunge iliyochunguza hali ya magereza. Yeye na wenzake wakapata wazo la kuwapeleka maskini wa Uingereza Amerika, wakapewe ardhi na kujitegemea. Mfalme George wa Pili, ambaye koloni lilipewa jina lake, alitoa hati mwaka 1732 iliyowakabidhi wadhamini 21 usimamizi wa Georgia kwa miaka 21. Mdhamini hakuruhusiwa kulipwa mshahara wala kumiliki ardhi katika koloni hilo, na kaulimbiu yao ya Kilatini ilisema kwamba walifanya kazi kwa ajili ya wengine, si kwa ajili yao wenyewe. Imani iliyoenea kwamba Georgia lilijengwa na wafungwa wa madeni haina msingi, kwani wadhamini walichagua mafundi na wachuuzi wadogo walioishiwa, na waliotolewa gerezani walikuwa wachache mno.

Wadhamini walipanga maisha ya watu hao kwa undani uliopita kiasi. Familia iliyosafirishwa kwa gharama ya mfuko wao ilipewa ekari 50, yaani kiwanja mjini, bustani ya ekari tano pembezoni mwa mji na shamba la ekari zilizobaki nje zaidi, na aliyejigharimia mwenyewe hakuruhusiwa kupata zaidi ya ekari 500. Ardhi haikuweza kuuzwa wala kuwekwa rehani, na ilirithiwa na watoto wa kiume peke yao, kwa kuwa kila kipande kilihesabiwa kuwa lindo la askari mmoja na binti asingeshika bunduki. Mwanamume aliyekuwa na mabinti watupu alijua kwamba jasho lake lote lingerudi mikononi mwa wadhamini. Zao lililotarajiwa kulipa gharama lilikuwa hariri, na muhuri wa wadhamini ulichorwa kiwavi wa hariri juu ya jani la mforsadi, mti ambao majani yake ndiyo chakula cha viwavi hao. Wataalamu waliletwa kutoka Piedmont, Italia, na mwaka 1735 Malkia Caroline alivaa gauni lililoshonwa kwa hariri ya Georgia. Hariri iliyopatikana katika miaka yote ya wadhamini, hata hivyo, haikukaribia kulipia fedha zilizozamishwa humo. Koloni liliendelea kuishi kwa ruzuku ya Bunge la Uingereza, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa koloni lingine lolote kati ya yale yaliyotangulia.

Meli ya kwanza, iliyoitwa Anne, ilitia nanga Charleston mwanzoni mwa mwaka 1733 ikiwa na watu wapatao 114, na tarehe 12 Februari, kwa kalenda inayotumika leo, walowezi hao walipanda kwenye genge lililo juu ya mto Savannah, maili kama 18 kutoka baharini. Mahali hapo palikuwa na wenyewe. Kijiji kidogo cha Wayamacraw, watu wenye asili ya taifa la Creek waliokuwa wamejitenga na ndugu zao, kilikuwa karibu, kikiongozwa na mzee aliyeitwa Tomochichi, na jirani yao alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za kulungu, John Musgrove, pamoja na mkewe Mary. Mama huyu, ambaye jina lake la kwao lilikuwa Coosaponakeesa, alizaliwa na baba Mwingereza na mama Mcreek, akaijua lugha ya kila upande na desturi za kila upande. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa Oglethorpe, na mazungumzo yaliyozaa mkataba wa mwezi Mei 1733, ambamo Wacreek wa Chini waliwaruhusu Waingereza kukaa kwenye ukanda wa pwani, yalipitia kinywani mwake. Ukalimani huo haukuwa kazi ya kutafsiri maneno tu. Bila neno lake kwa Tomochichi, na bila nyama na nafaka alizowapatia wageni, makazi hayo yangekuwa mashakani tangu siku za kwanza, na kwa miaka mingi baadaye Mary aliwadai watawala wa koloni malipo ya haki yake kwa sauti iliyowaudhi sana. Tomochichi naye alikuwa na hesabu zake: kijiji kidogo kilichotengwa na taifa lake kilihitaji rafiki mwenye nguvu na bidhaa za biashara karibu. Mwaka 1734 alisafiri hadi London pamoja na mkewe Senauki na mpwa wake Toonahowi, akapokewa na mfalme, na alipofariki mwaka 1739 alizikwa kwa heshima katika mojawapo ya viwanja vya mji wa Savannah.

Walowezi waliofuata walikuwa mchanganyiko. Mwezi Julai 1733 iliwasili bila kutarajiwa meli ya Wayahudi 42, na daktari wao, Samuel Nunes, aliwatibu wagonjwa wa homa iliyokuwa ikiwamaliza watu wa Savannah. Mwaka 1734 walifika Waprotestanti wa Kijerumani waliofukuzwa Salzburg kwa ajili ya imani yao, wakajenga kijiji cha Ebenezer chini ya mchungaji Johann Martin Boltzius. Mwanzoni mwa mwaka 1736 Waskoti kutoka milimani walipelekwa Darien, kwenye mto Altamaha, mahali palipoelekea Florida moja kwa moja, kwa sababu walisifika kwa vita. Hati ya mfalme iliwapa uhuru wa kuabudu watu wote isipokuwa Wakatoliki, waliodhaniwa kuwa wangeegemea upande wa Hispania.

Sheria ya utumwa ilitungwa mwaka 1735, pamoja na sheria ya kuzuia pombe ya ramu na nyingine ya kusimamia biashara na wenyeji. Jina lake lenyewe lilitaja kusudi lake, ambalo ni kuliwezesha koloni kujilinda vizuri zaidi kwa kuzuia watu weusi kuingizwa na kutumiwa humo kama watumwa. Hoja za wadhamini zilikuwa za aina mbili. Kwanza, mtumwa katika koloni la mpakani angekuwa askari wa akiba wa Hispania, kwa kuwa uhuru ulimngoja mwendo wa siku chache upande wa kusini. Pili, Mzungu maskini mwenye mtumwa angedharau jembe, na asiye naye angeona haya kufanya kazi iliyohesabiwa kuwa ya watumwa, hivyo mpango mzima wa kuwafufua maskini kwa kazi ya mikono yao ungevunjika. Aliyekamatwa akiwa na mtumwa alitozwa faini ya pauni 50. Mtumwa mwenyewe, na hapa ndipo sura halisi ya sheria inapoonekana, hakuachwa huru: alitaifishwa na kuwa mali ya wadhamini, waliokuwa na ruhusa ya kumuuza nje, na kama alikuwa mtoro kutoka Carolina alirudishwa kwa bwana wake. Sheria iliukataa utumwa kwenye udongo wa Georgia bila kumtambua mtumwa kuwa mtu mwenye haki.

Mwenendo wa Oglethorpe binafsi una pande zinazopingana, na haifai kuufupisha. Katika mwaka uleule wa hati ya Georgia alikuwa naibu gavana wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyokuwa imeuza Waafrika kwa maelfu. Katika kipindi hichohicho ilimfikia barua ya Kiarabu iliyoandikwa huko Maryland na mtumwa mmoja, Ayuba Suleiman Diallo, Mfulani kutoka Bundu katika Senegali ya leo, mtoto wa mwanachuoni na mwenye kuihifadhi Qurani, ambaye alitekwa karibu na mto Gambia akiwa ametoka yeye mwenyewe kuuza watumwa wawili. Barua hiyo, ambayo Ayuba alimwandikia baba yake akiomba akombolewe, ilipelekwa Oxford ikatafsiriwa, na Oglethorpe akaweka ahadi ya kulipa pauni 45 ili mtu huyo aletwe Uingereza. Ayuba alifika London mwaka 1733, wakati ambapo mfadhili wake alikuwa akipima viwanja vya Savannah, na mwaka uliofuata alirejea kwao Afrika, mmoja wa wachache mno waliopata kurejea. Mwaka 1776, akiwa mzee, Oglethorpe alimwandikia Granville Sharp, mpinzani mashuhuri wa utumwa, kwamba yeye na wenzake waliukataza kwa sababu ulipingana na Injili na misingi ya sheria za Uingereza. Huenda hayo yalikuwa moyoni mwake tangu zamani, na barua ya Ayuba inaweza kuwa iliyachochea. Lakini katika sheria ya 1735, iliyojaa mpaka, adui na ulinzi, hayakupewa nafasi, na kumbukumbu ya mzee wa miaka karibu 80 ni ushahidi wa kutumiwa kwa uangalifu.

Marufuku ilivunjwa mapema. Watumwa kutoka Carolina walishiriki kupasua mbao za nyumba za kwanza za Savannah kabla hawajarudishwa, na baadaye ikazuka hila ya kuwakodi: mlowezi alimlipa Mcarolina bei kamili ya mtumwa, lakini kwenye karatasi ikaandikwa kwamba amemkodi kwa miaka 100, na wakuu wakija kumnyang'anya, mwenye jina alijitokeza kudai mali yake. Juu ya hayo yote, kila mlowezi aliyesimama kando ya mto aliweza kuona ng'ambo jinsi mpunga ulivyowatajirisha watu wa Carolina, huku mwenyewe akipambana na mchanga na misonobari kwa nguvu zake peke yake. Mwezi Desemba 1738 wakazi 121 walitia saini ombi la kutaka ardhi iuzike na watumwa waruhusiwe. Viongozi wa kundi hilo, akiwemo Patrick Tailfer, daktari Mskoti, waliitwa na wapinzani wao wanung'unikaji, nao hawakuliona jina hilo kuwa aibu.

Majibu yalitoka Darien mwezi Januari 1739. Waskoti 18, akitangulia John Mackintosh Mohr, waliwaomba wadhamini wasibadili sheria, wakataja ukaribu wa Wahispania na madeni yatakayowafunga wakinunua watumwa, kisha wakaongeza hoja ambayo wadhamini hawakuwahi kuiandika: kwamba kumtia mwanadamu katika utumwa wa milele kunachukiza utu, na kwamba damu hiyo itakuja kudaiwa. Wanung'unikaji walidai kwamba Oglethorpe aliwanunua kwa mkopo wa ng'ombe, na ni kweli kwamba msaada wa mifugo uliwafikia karibu na wakati huo. Madai hayo hayaelezi, hata hivyo, kwa nini watu walionunuliwa kutetea ulinzi wa mpaka wavuke mpaka wa hoja waliyotumwa na kuleta yao wenyewe. Wasalzburg wa Ebenezer nao waliandika kuunga mkono marufuku.

Miezi michache baadaye matukio yaliipa hoja ya ulinzi uthibitisho ambao hakuna aliyeutaka. Gavana wa Florida, Manuel de Montiano, alikuwa amejenga mwaka 1738, maili mbili kaskazini mwa St. Augustine, kijiji chenye boma kilichoitwa Gracia Real de Santa Teresa de Mose, makazi ya watoro waliopata uhuru, na wanamgambo wake waliongozwa na Francisco Menéndez, Mmandinka wa asili aliyewahi kuwa mtumwa Carolina. Jumapili moja ya Septemba 1739, kando ya mto Stono huko Carolina Kusini, watumwa wapatao 20, ambao wengi wao wanaaminika kuwa walitoka ufalme wa Kongo, nchi ambako Ukatoliki ulikuwa umekaa kwa zaidi ya karne mbili, walivamia duka la silaha wakaanza kuelekea kusini kwa ngoma na bendera. Waliongezeka njiani, wakaua Wazungu zaidi ya 20 kabla ya kuzidiwa nguvu. Mwaka huohuo vita kati ya Uingereza na Hispania vilianza rasmi. Oglethorpe aliuzingira mji wa St. Augustine mwaka 1740 akashindwa, na mojawapo ya mapigo yaliyomvunja nguvu lilikuwa shambulio la alfajiri ambalo Wahispania na watu wa Menéndez walilifanya kulikomboa boma la Mose. Julai 1742 Montiano alilipa ziara hiyo kwa kutua kisiwani St. Simons na maelfu ya watu, akazuiwa na askari wa Oglethorpe pamoja na Waskoti na wapiganaji wa Creek, akaondoka.

Ushindi huo ndio ulioiua marufuku. Wahispania hawakurudi tena kwa nguvu, Oglethorpe aliondoka mwaka 1743 na hakuonekana tena Amerika, na hoja ya mpaka ikabaki bila adui wa kuitegemeza. Thomas Stephens, mtoto wa katibu wa wadhamini mwenyewe, alikuwa amepeleka malalamiko ya wanung'unikaji hadi Bunge la Uingereza, na ingawa mwaka 1742 alipigishwa magoti mbele ya Spika na kukaripiwa, wabunge walianza kuuliza fedha zao zilikuwa zikienda wapi. Hata wahubiri walihama upande. George Whitefield, mhubiri maarufu aliyeanzisha nyumba ya yatima ya Bethesda karibu na Savannah, alinunua shamba Carolina likalimwa na watumwa ili faida ilishe yatima, akawaandikia wadhamini kwamba nchi ya joto haiwezi kulimwa bila watu weusi. Rafiki yake James Habersham, aliyekuja kama mwalimu akageuka mfanyabiashara, alitetea jambo hilohilo. Boltzius alipinga kwa muda mrefu kuliko wote, akaonyesha mavuno ya Ebenezer yaliyopatikana kwa mikono ya Wajerumani, mwisho akachoka. Mwaka 1750 wadhamini waliomba sheria ifutwe, na kuanzia tarehe 1 Januari 1751 utumwa ukawa halali. Waliweka masharti: kwa kila watumwa wanaume wanne awepo Mzungu mmoja awezaye kushika silaha, na kwa kila wanne hao mtumwa mmoja wa kike afundishwe kusokota hariri. Sharti hili la mwisho linaonyesha jinsi ndoto ya hariri ilivyokataa kufa. Mwaka 1752, kabla muda wa hati haujaisha, wadhamini walirudisha koloni kwa mfalme.

Baraza la kutunga sheria lililokutana chini ya gavana wa kifalme lilipitisha mwaka 1755 sheria ya watumwa iliyofuata kwa karibu ile ya Carolina ya mwaka 1740, iliyotungwa baada ya Stono. Mabepari wa Carolina walivuka mto na watumwa wao wakachukua ardhi ya vinamasi, na kilimo cha mpunga kilichofuata kilitegemea maarifa ya watu waliotoka Senegambia na Sierra Leone, ambako mpunga ulikuwa umelimwa kwa karne nyingi. Walijua kuzuia maji ya mafuriko kwa tuta na kuyafungulia kwa wakati wake, kutwanga mpunga kwenye vinu vya mti na kupepeta kwa nyungo. Idadi ya watumwa, ambayo mwaka 1750 haikufika 500, ilikaribia 18,000 kufikia mwaka 1775. Gavana wa mwisho wa kifalme, James Wright, alimiliki peke yake 523 kati yao katika mashamba 11.

Tarehe 12 Januari 1775, wakati makoloni yalipokuwa yakijiandaa kuvunja uhusiano na Uingereza, kamati ya wakazi wa Darien ilipitisha tamko lililoulaani utumwa kuwa kinyume cha maumbile na kuahidi kujitahidi kuwaacha huru watumwa wa koloni. Aliyekuwa mstari wa mbele katika kamati hiyo ni Lachlan McIntosh, mtoto wa yule John Mackintosh Mohr aliyetia saini ombi la mwaka 1739, na aliyeletwa Georgia na wazazi wake akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Alikuwa na mashamba ya mpunga kwenye mto Altamaha, na watumwa waliokuwa wakiyalima siku tamko lilipotolewa waliendelea kuyalima baada ya hapo.